Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyetutaka Tusome

Wako watu wa Pwani ambao majina yao tunayataja kwa heshima kila siku, na vitabu vyao hatujavifungua. Mmoja wao ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyefariki mwaka 1947. Muulize mtu yeyote wa Mji wa Kale Mombasa, atakwambia kuwa huyo alikuwa mwanachuoni mkubwa asiyekuwa na mfano wake. Muulize tena alisema nini huyo mwanachuoni, aliandika nini, aligombana na nani na kwa sababu gani. Hapo wengi watakuna kichwa.

Mimi naandika haya nikiwa Matulo, jirani na Webuye, katika nchi ya mahindi na miwa, mbali kabisa na harufu ya bahari. Uislamu pande hizi uliingia na misafara ya Waswahili iliyokuwa ikipumzika Mumias kwa Nabongo Mumia kabla reli haijafika, na mpaka leo Waislamu wa huku ni wachache kati ya majirani Wakristo. Vijana wa msikitini wananiuliza mara kwa mara, kwa kuwa mimi ni mtu wa Mvita, vitabu gani wasome. Hawataki hadithi za mapenzi. Wanataka vitabu vya elimu, vya tarehe, vya falsafa, vya kumfunza mtu kufikiri sawasawa. Nyuma ya swali hilo lipo jingine wasilolitamka: je, kusoma huko hakutawatoa katika dini? Niliona jibu la maneno matupu halitawatosha, bora wapewe maisha ya mtu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, sawa na mwaka 1308 wa Hijria. Ukoo wake ndio ule uliotawala Mombasa tangu karne ya kumi na nane mpaka Seyyid Said bin Sultan alipoutoa Ngomeni mwaka 1837. Lakini tawi la baba yake halikujulikana kwa mizinga wala majahazi, lilijulikana kwa wino. Sheikh Ali bin Abdallah alikuwa mwanachuoni aliyesoma mpaka Makka, na mtu asiyeficha analoliamini. Ubishi wake na Maibadhi ulimtia katika matatizo na Seyyid Barghash, akafungwa Unguja, asitoke mpaka Barghash alipokufa mwaka 1888. Mtoto Al-Amin hakumjua sana baba huyu, maana alifariki yeye akiwa bado mdogo. Aliyemlea na kumfunza ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa naye kadhi.

Fikiri, msomaji, mji ule ulivyokuwa katika utoto wake. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gasi, aliwapiga vita, na mwaka 1896 akashindwa, akakimbilia kwa Wadachi Tanganyika. Reli ikaanza kujengwa. Mwaka 1907 utumwa ukaondoshwa kisheria, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kuandikisha ardhi. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, watu waliozoea kuwa mabwana wa nchi wakajikuta wako chini ya wageni, mashamba yao hayana wa kuyalima, na watoto wao hawana elimu inayotakiwa maofisini. Wengine walikaa barazani wakihadithia utukufu wa babu zao. Al-Amin alikwenda kusoma.

Alikwenda Unguja, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo Azhar ya Afrika Mashariki. Walimu wake huko walikuwa wawili wasiohitaji kusifiwa: Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, wote wawili waliofariki mwaka 1925. Sayyid Ahmad alizaliwa Ngazija, akawa nahodha wa chombo katika ujana wake kabla ya kuwa kadhi, akafika mpaka Istanbul na Misri. Sheikh Abdallah, mzaliwa wa Lamu, alisafiri mpaka Cape Town kwenda kuwasuluhisha na kuwafunza Waislamu wa huko. Nayataja haya kwa makusudi. Tuna mazoea ya kudhani kuwa masheikh wa zamani walikuwa watu wa mswala na tasbihi peke yake, hawajui dunia inakwendaje. Hawa walikuwa watu wa bahari na safari, na Sayyid Ahmad alikuwa akifuatilia mawazo mapya ya Misri.

Mawazo hayo mapya ndiyo yaliyomshika Al-Amin. Mjini Cairo, Sheikh Muhammad Abduh, aliyefariki mwaka 1905, alikuwa akifundisha kuwa akili na dini si maadui, na kwamba udhaifu wa Waislamu haukuletwa na Uislamu bali uliletwa na kuuacha, na kufuata mazoea bila ya kuuliza dalili. Mwanafunzi wake, Rashid Ridha, alitoa jarida la al-Manar tangu mwaka 1898, likaendelea mpaka kufa kwake mwaka 1935. Jarida hilo lilipakiwa melini likaja mpaka kwetu huku Pwani, na Al-Amin akawa katika wasomaji wake. Mtu mmoja Mombasa, na karatasi iliyopigwa chapa Misri. Mara nyingine mambo makubwa huanza hivyo.

Sasa tufike mwaka 1930. Al-Amin ana umri wa miaka thelathini na tisa. Anatazama mji wake na haoni gazeti hata moja la Waislamu kwa lugha yao wenyewe. Alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili cha Mvita na kwa herufi za Kiarabu. Haikuwa na picha wala matangazo ya kupendeza. Ilikuwa karatasi ya kusomwa kwa kupokezana, mmoja akiisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mwaka 1932 ikafuata al-Islah, gazeti lenye Kiswahili na Kiarabu. Jina hilo maana yake ni kutengeneza kilichoharibika, na lilitosha kumjulisha mtu linatoka katika ukoo gani wa fikira.

Aliandika nini humo? Aliandika juu ya harusi na matanga yanayokula mali ya watu mpaka shamba likawekwa rehani. Aliandika juu ya wajibu wa kuwapeleka watoto shule, juu ya kuwafunza wanawake, juu ya biashara na uvivu, juu ya kuiga Wazungu katika mavazi na ulevi huku tukiwaachia elimu yao na bidii yao. Hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kiini cha maneno yake yote. Hakusema Wazungu wakataliwe kwa kila kitu, wala hakusema wafuatwe kwa kila kitu. Alitaka watu wapambanue: hiki ni elimu, tukichukue, hiki ni upuuzi, tukiache, hiki ni dini, tukishike, hiki ni ada tu ya babu zetu, tuitazame ina faida gani. Kupambanua huko ndiko kufikiri sawasawa, na ndiko vijana wa Matulo wanakokutafuta.

Msomaji asidhani kuwa maneno hayo yalipokewa kwa marashi. Kumwambia mtu wa Mombasa kuwa karamu ya hitima aliyoitolea fedha nyingi si katika dini ni jambo zito leo, seuze mwaka 1930. Wako waliomwona kuwa anavunja heshima ya wakubwa. Ubishi huo baina ya wenye kushikilia mazoea na wenye kutaka dalili haujesha mpaka hivi sasa, na mimi sikukusudia kuufungua katika ukurasa huu. Ninalolitaka lionekane ni njia yake. Hakutosheka na kusema kuwa jambo fulani baya. Alilileta mbele ya watu, akaeleza sababu, akataka mwenye kumpinga naye alete sababu yake. Mtu anaweza kutokubaliana naye katika nusu ya masuala na bado akajifunza kwake namna ya kubishana bila ya kutukanana.

Na alibishana pia na wa nje. Mwaka 1923 Canon Godfrey Dale, padri wa Unguja, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili yenye maelezo ya kuupinga Uislamu. Baadaye Waahmadiya nao wakaingia Afrika Mashariki na tafsiri zao. Al-Amin hakujibu kwa kupiga marufuku. Alishika kalamu akaanza tafsiri yake mwenyewe. Hakujaaliwa kuimaliza, na sehemu aliyoiandika ilipigwa chapa miaka mingi baada ya kufa kwake, ikishughulikiwa na mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui.

Nataka nisimame kidogo juu ya herufi, kwa kuwa wengi hulipita jambo hili mbio. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa kwenyewe, ukakata shauri kuwa Kiswahili sanifu kiwe kile cha Unguja. Na herufi zilizotumika mashuleni zilikuwa za Kizungu. Kwa hivyo mtu aliyesoma chuoni miaka saba, anayejua kuandika barua na hesabu na mashairi kwa herufi za Kiarabu, aliamka siku moja akaitwa hajui kusoma. Al-Amin aliliona hilo. Lakini pia aliona kasoro ya herufi zenyewe. Kiarabu hakina pe wala che wala ve. Kina irabu tatu na sisi tuna tano. Katika maandishi ya kale kuku na koko viliandikwa sawasawa, na bata na pata vilikuwa kitu kimoja mpaka msomaji akisie. Kabla yake Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa ameshaanza kuongeza alama. Al-Amin naye akazitengeneza herufi hizo zichukue sauti zetu zote, ili karatasi yake isomwe bila ya kubahatisha. Hiyo ni kazi ya fundi wa lugha. Mtu asiyependa mabadiliko angeziacha zilivyo akasema zimetosha babu zetu.

Hata hivyo tarehe ina mzaha wake. Makala za Sahifa zilipokusanywa zikawa kitabu mwaka 1944, kwa jina la Uwongozi, zilisomeka kwa herufi za Kizungu, na kwa njia hiyo ndipo zikawafikia wajukuu wa wasomaji wa kwanza. Kilichoandikwa kwa herufi alizozipigania kinasomwa leo na wachache mno.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Cheo hicho chini ya Waingereza kilikuwa na mipaka yake: ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, kwa Waislamu. Al-Islah haikudumu muda mrefu baada ya yeye kuingia ukadhi. Mimi naona kuwa hapo tulipata kadhi mwadilifu na tukapoteza mwandishi wa gazeti, na sijui kama tulifaidika katika mapatano hayo. Kadhi anaamua baina ya watu wawili waliosimama mbele yake. Karatasi ya senti chache inaingia katika kila baraza. Lakini darsa zake hakuziacha, na wanafunzi wake ndio waliokuja kuwa taa za nusu ya pili ya karne: Sheikh Muhammad Kasim, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1963 mpaka 1968, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyemfuatia katika cheo hicho hicho. Wote wawili walizaliwa mwaka 1912, na wote wawili wakafariki mwaka 1982.

Kazi yake ambayo mimi huipenda kuliko zote si ya fikihi. Ni tarehe ya ukoo wake, aliyoiandika kwa Kiarabu: jinsi Mazrui walivyoshika Mombasa, jinsi liwali Muhammad bin Uthman alivyouawa na watu wa Imamu Ahmad bin Said wa Oman, na ndugu yake Ali bin Uthman akairudisha Ngome mikononi mwao, vita vya Shela ambavyo Mombasa na Pate walishindwa na watu wa Lamu, himaya ya Kapteni Owen iliyoanza mwaka 1824 na kuondoshwa mwaka 1826, na mwisho mchungu wa mwaka 1837, wakubwa wa ukoo walipokamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Maandishi hayo yalikaa mikononi mwa watu muda mrefu, mpaka mwaka 1995 yalipopigwa chapa Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kijana mmoja wa hapa aliniuliza swali zuri: je, mtu akiandika tarehe ya jamaa zake mwenyewe, tumwamini? Nilifurahi sana kwa swali hilo. Tusimwamini moja kwa moja, wala tusimtupe. Tumsome pamoja na wengine waliosimama upande wa pili. Sheikh Abdallah Farsy, mwanafunzi wake, aliandika kitabu juu ya Seyyid Said bin Sultan, aliyewavunja hao Mazrui. Mwalimu ameandika walioshindwa, mwanafunzi ameandika aliyeshinda. Viweke vitabu hivyo viwili ubavu kwa ubavu, usome tukio moja mara mbili, na uangalie wapi wanakubaliana na wapi kila mmoja ananyamaza. Hakuna darsa ya kufikiri iliyo bora kuliko hiyo, na ni yetu wenyewe.

Si jambo geni katika Uislamu. Ibn Khaldun, aliyeandika Mukadima yake mwaka 1377, aliwakemea wanahistoria wanaonakili habari bila ya kuipima. Walisema jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu laki sita na zaidi. Yeye akakaa kitako akahesabu: vizazi vingapi vimepita tangu Nabii Yakub alipoingia Misri, na watu wachache wale wangezaaje kufikia idadi hiyo, na jeshi kubwa kiasi hicho lingepigana vipi, na safu ya mwisho haijui safu ya kwanza inafanya nini? Ibn al-Haytham kabla yake, katika elimu ya mwanga, alimtaka mtafuta haki avitilie shaka vitabu vya wakubwa wa kale mpaka avipime. Al-Biruni alijifunza lugha ya Wahindi wenyewe kabla ya kuandika juu yao. Hawa walikuwa watu wa sala na saumu. Na Al-Amin, ingawa hakuwa mtu wa nyota wala wa hesabu kama wao, alitoka katika mkondo huo: habari hupimwa, ada huulizwa sababu yake.

Kuna upande wa maisha yake ambao lazima usemwe. Alikuwa mtu wa zama zake na wa tabaka lake. Alipoandika juu ya watu wetu, mara nyingi waliokuwa mbele ya macho yake ni Waarabu na Waswahili wa mjini, na wale waliotoka utumwani mwaka 1907 hawakupata nafasi kubwa katika maneno yake kama nilivyotamani. Juu ya mwanamke, alitaka afunzwe, na hilo lilikuwa hatua kubwa; lakini alitaka afunzwe zaidi kwa ajili ya nyumba na dini yake. Msomaji wa leo mwenye binti chuo kikuu atataka zaidi ya hapo, na ana haki. Sioni sababu ya kuyaficha haya. Aliyetufunza kutomfuata mtu kwa upofu hatakasirika tukimsoma na yeye kwa macho wazi.

Katika watoto wake yuko mmoja aliyezaliwa mwaka 1933, Ali, ambaye baba yake alitamani aende al-Azhar. Baba alifariki mwaka 1947, mtoto akiwa na miaka kumi na minne, na njia ikageuka: alikwenda Uingereza na Marekani, akawa Profesa Ali Mazrui aliyejulikana dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2014. Waliosoma maandishi ya wote wawili huona mtoto ameirithi ile tabia ya kuuliza Afrika na Uislamu na Uzungu vikutane vipi bila ya kimoja kumezwa, ingawa aliuliza kwa Kiingereza na mbele ya kamera.

Sasa juu ya kuvipata vitabu. Uwongozi ndiyo wa kuanza nao, kwa kuwa makala zake ni fupi na Kiswahili chake ni kitamu. Nakala zake za zamani zimebaki majumbani, na mwenye nayo amwazime mwenzake asiifungie sandukuni. Mwaka 2017 makala zake zilitolewa na tafsiri ya Kiingereza huko Leiden, kazi nzuri ya wataalamu, lakini kwa bei ambayo mkulima wa mahindi wa Matulo na mvuvi wa Vanga hawawezi hata kuiuliza. Karatasi iliyoandikwa ili isomwe barazani Mombasa imekuwa mali ya maktaba za Ulaya. Mashirika yetu ya Kiislamu, yenye fedha ya kujenga minara, yangeweza kuitoa upya kwa bei ya kikombe cha kahawa. Baada ya hicho, msomaji achukue kitabu cha Sheikh Farsy cha mwaka 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, ambamo maisha ya mwalimu wake yameelezwa pamoja na ya Sayyid Ahmad na Sheikh Abdallah Bakathir. Kisha vitabu vya Sheikh Muhammad Kasim juu ya Makhalifa wanne. Mwenye Kiarabu au Kiingereza aingie katika tarehe ya Mazrui. Mukadima ya Ibn Khaldun iachwe ya mwisho, isomwe polepole, kurasa chache kila usiku, na watu wawili watatu pamoja ili wapate kubishana.